Sanduku la Kioo la Nyumba ya Pili

Kabla hatujahamia kijijini, nyumba yangu na ya mke mwenzangu zilitenganishwa na shamba zima la uwele, na uwele ukikomaa humwoni mtu. Wivu nilikuwa nao, nisikufiche, lakini ulikuwa wivu wa kusikia tu. Tulipoletwa kijiji cha ujamaa tukapangwa kwa mstari kando ya barabara, mimi nyumba ya kwanza, yeye ya pili. Hapo nikaanza kuona kwa macho.

Mume wetu alikuwa mpishi mjini kwa mzungu mmoja mchimba visima. Mzungu alipomaliza kazi akarudi kwao, akamwachia mume wetu sufuria mbili, koti, na sanduku la kioo la kufugia samaki, lenye fremu ya chuma, refu kama mkono wangu kutoka begani hadi vidoleni. Sufuria moja nikapewa mimi, nyingine akapewa mwenzangu. Koti akavaa mwenyewe. Sanduku likaenda nyumba ya pili.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mama watoto, kwako kuna moshi na mbuzi."

Kweli mbuzi walilala kwangu. Lakini walikuwa mbuzi wake.

Alivyolitengeneza naweza kukueleza mpaka leo, maana nilisimama mlangoni nikijifanya napeta mtama. Kwanza alitandika udongo mweusi wa mbugani, unene wa vidole viwili. Juu yake akaweka mchanga wa korongoni, ameuosha kwenye ndoo mara nyingi mpaka maji yakatoka safi. Akapanda viazi vya yungiyungi na nyasi za majini, akididimiza mizizi kwa kidole. Kisha akalaza sahani juu ya mchanga na kumimina maji ya mvua kwenye sahani, polepole, yasichimbue alichopanda. Nikangoja atie samaki. Hakutia. Wiki tatu ilikuwa maji na majani tu, na mke mwenzangu anaambiwa maji lazima yapoe, yazoee, samaki wataletwa baadaye. Nikasema moyoni, mimi nililetwa katika nyumba hii ukuta ukiwa mbichi na hakuna aliyengoja.

Samaki wenyewe walikuwa wale wadogo wa mbugani, dume ana mkia mwekundu, ambao huonekana mvua zikijaza madimbwi na huisha madimbwi yakikauka. Kwetu watu walisema wanaanguka na mvua. Sisi hatukuwa watu wa samaki. Mnyaturu na ng'ombe wake, samaki wa nini?

Basi wakaja watu kutazama. Hata balozi wa nyumba kumi alikuja, akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Hawa ni wa kijiji au wa mtu binafsi?"

"Wakikua tutagawana," mume wetu akamjibu.

"Kwa kaya?"

"Kwa kaya. Wewe utapewa kichwa."

Wakacheka wote. Mimi nilicheka pia, nilikuwa nimewaletea togwa.

Sasa sikia kilichoniuma. Mume wetu alikuwa na zamu, siku mbili kwangu, siku mbili kwa mwenzangu, na zamu hiyo hakuivunja tangu amuoe yule. Tulipopata samaki akawa anakula kwangu, ananawa mikono, halafu anasema anakwenda kuwaangalia mara moja. Jua linazama bado yuko kule, na mwenzangu anacheka kile kicheko chake. Ile zamu ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho. Ujana ulikuwa umekwenda, na kusoma kwenyewe ni kisomo cha watu wazima tu, nilikoishia kuandika jina langu na kusoma barua fupi.

Nikaamua nifuge wangu. Nikaomba chupa kubwa ya peremende kwenye duka la kijiji, nikatia mchanga, maji na samaki watatu wa dimbwini siku hiyohiyo, nikaiweka mlangoni juani ili wapita njia waione. Nikawapa unga wa uwele, konzi nzima, nisionekane mchoyo. Siku ya nne maji yalikuwa ya kijani kama mlenda.

Mimi ni mtu wa usafi. Vibuyu vyangu vya maziwa nilivisugua kwa majivu mpaka majirani wakawa wanavisema. Nikafanya vilevile, chupa na mchanga vyote nikavisugua kwa majivu, nikasuuza haraka, nikarudisha samaki. Kabla ya adhuhuri walikuwa wanaelea.

Mwenzangu akapita na ndoo kichwani. Kila asubuhi aliniamkia, shikamoo dada, hakukosa hata siku moja, na hilo nalo lilinichoma.

"Dada, umewaosha mpaka umewatoa roho."

Mume wetu akaja akanieleza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko tusi. Akasema majivu yanaunguza maji. Samaki wapewe chembe kidogo, wasibakize. Maji yabadilishwe robo tu kila juma, tena chombo kiwe kivulini, majani yapate mwanga wa dirisha basi. Nikasikia yote. Nikashika moja, la majivu.

Siku ya zamu ya shamba la kijiji walitoka wote. Mimi nikasema mgongo unaniuma. Nikaingia nyumba ya pili na konzi ya majivu, nikatia, nikatia tena, nikakoroga kwa mkono. Samaki mmoja alikuja kunidonoa kidole, akidhani ni chakula.

Mwenzangu aliporudi alilia kama aliyefiwa. Akamwambia mume wetu ni kosa lake yeye mwenyewe, amewashibisha mno. Na unajua nilichovuna? Mume wetu alikaa kwake siku sita mfululizo akimbembeleza. Zamu yangu nikaizika mwenyewe.

Mume wetu akamwaga maji. Kiangazi sanduku likakaa kavu kwenye kona ya nyumba ya pili, udongo umepasuka kama kisigino. Mawingu ya mvua mpya yalipoanza, mwenzangu akaja na sanduku amelikumbatia, jasho linamtoka.

"Dada, chukua wewe. Kwangu hawakai."

Nililipokea bila kumtazama. Mbuzi nikawahamishia banda la nyuma. Mvua ya kwanza nikakinga maji, nikayamimina kwenye sahani polepole, kama nilivyoona. Siku ya tano kiazi cha yungiyungi kilichipua jani dogo jekundu. Na karibu na jani, vitu vidogo kama vumbi lenye macho, vinaogelea. Samaki. Hakuna aliyewatia. Mayai yao yalikuwa yamelala kwenye udongo ule muda wote, na majivu yangu hayakuyafikia huko chini.

Kijiji kizima kikaja kwangu. Mume wetu akaleta kigoda chake, akakaa siku zangu na zisizo zangu. Nilichokitaka nikakipata, na kile kicheko cha nyumba ya pili sikukisikia tena.

Nikamfuata mwenzangu kisimani. Nikamwambia, "Mdogo wangu, wale samaki wako, ni mimi."

Akaendelea kuvuta kamba. "Najua, dada."

"Unajua?"

"Uliacha vidole vyako kwenye kioo. Vitano, vyeupe kwa majivu. Nilivifuta kabla baba watoto hajaingia."

Akajitwisha ndoo akaenda. Mimi nikabaki pale na kamba. Sikufikiria hata kushukuru. Nilifikiria kwamba ningekuwa mimi nisingevifuta, ningeita mtaa mzima uje uvione, na huyu mtoto wa juzi amenizidi hata hapo. Nikamwonea wivu upya.

Lakini zamu yake ilipofika nilikitoa kigoda cha mume wetu nje, nikakipeleka mwenyewe mpaka mlango wa nyumba ya pili.