Siku Tuliyomfufua Binti Mgomba

Kilio kilinifikia kabla sijaona chochote. Mwalimu alikuwa amenituma ofisini kuchukua chaki, na nilipokuwa narudi kando ya ukuta wa madarasa nikasikia darasa la sita linaomboleza. Hazikuwa kelele za kawaida za watoto walioachwa peke yao. Palikuwa na "Uwiii!" ndefu ya msibani, palikuwa na kiganja kinachogonga dawati polepole kama ngoma, na sauti ya mvulana mmoja aliyeikaza ifanane na ya mchungaji: "Ametutangulia, ndugu zangu. Sisi tuko nyuma yake." Nikakimbia. Mlangoni boksi likaniponyoka, chaki zikavunjika, na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Waombolezaji walikuwa wamelizunguka daftari. Ndani yake shujaa wangu alikuwa amelala chali, amekatwa vipande viwili kiunoni, na mahali pa macho palikuwa na alama mbili za kuzidisha.

Aliyemuua alikuwa amekaa dawati la nyuma, anachonga penseli kwa wembe. Alikuwa rafiki yangu kuliko wote.

Shuleni kwetu Kituntu tulikuwa wasichana wawili wachoraji wa vitabu vya katuni, mimi na yeye. Tulichora kwenye madaftari, na darasa lilisoma kwa zamu, nakala ikirudi ina harufu ya ndizi za kuchoma. Mimi nilikuwa na Ukungu, kijana aliyesafiri ndani ya ukungu wa asubuhi, ule unaojaa mabondeni kwetu mpaka vilima vinabaki kama visiwa. Adui yake aliitwa Kiangazi, mzee mwenye pumzi ya moto. Mwenzangu alikuwa na Binti Mgomba, msichana ambaye ukimkata leo, kesho anachipua pembeni. Adui yake alikuwa Mnyauko, ugonjwa ule ule uliokuwa unaimaliza migomba ya kijiji chetu, ila yeye aliuvalisha koti refu na viatu vilivyochongoka. Hatukuwahi kuchanganya hadithi zetu. Wake walikaa kwake, wangu kwangu, mpaka siku hiyo Binti Mgomba alipovuka mpaka bila hodi na panga mkononi.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Darasa lilitaka kujua nani ana nguvu zaidi," alisema, akipuliza ncha ya penseli. "Nimewajibu."

Siku iliyofuata nililipiza. Nilimng'oa Binti Mgomba na shina lake lote, ili asichipue. Hasira haikuisha, nikamuua na Mnyauko. Bado haikuisha, nikamuua Kiangazi, ambaye alikuwa wangu mwenyewe na hakuwa amemkosea mtu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa shamba tupu na kunguru mmoja. Rafiki yangu alikuja nyumbani kwa bibi yangu, nilikokuwa naishi, akaisoma hadithi amesimama, mpaka kwa yule kunguru.

"Umeng'oa na shina," alisema.

Akatoka, akaacha mlango wazi kama kawaida yake. Kuku wakaingia wakala maharage ya mbegu yaliyokuwa yameanikwa kwenye jamvi. Bibi alimlaani wiki nzima kwa ajili ya maharage. La mashujaa hakulijua.

Muda mfupi baadaye baba yake, aliyekuwa amekuja na familia kutoka Burundi kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa, alipata kipande cha kulima huko Nyakatuntu, wilaya ya Kyerwa, wakahama. Hatukuagana.

Sasa mimi ni mwandishi wa riwaya. Huko Dar es Salaam tuna kikundi chetu cha waandishi vijana. Tunasomeana, tunagombana juu ya mkato na nukta kama watu wanaogombania urithi. Wanaponiuliza nilianzia wapi, nataja vitabu vya watu wakubwa. Ni uongo. Nilianzia kwenye daftari la katuni, na wafu wangu wanne hawakuwahi kunitoka kichwani. Mwaka jana nikaanza kuwaandikia kitabu cha picha ambamo wote wanafufuka, mashujaa na maadui, kutoka hadithi zote mbili, wanakutana kwa mara ya kwanza katika kitabu kimoja. Maneno yalikuja yenyewe. Picha zilikataa. Mkono wangu ulishasahau kuchora, na hata usingesahau, mkono uliojua jinsi Binti Mgomba anavyochipua ulikuwa mmoja tu duniani.

Nilipokwenda likizo kwa bibi, nilimuulizia rafiki yangu. Wakaniambia anachora mabango ya maduka, na wiki hiyo yuko Omurushaka. Nilimkuta juu ya ngazi, kwenye ukuta wa saluni, anamsuka kwa brashi mwanamke aliyemchora.

"Huyo mbona shingo ndefu hivyo?" nikamuuliza kutoka chini.

Hakugeuka. "Mwenye saluni anauza nywele, hauzi shingo." Kisha mkono wake ukasimama hewani. Akageuka taratibu. "Muuaji," akasema.

"Na wewe."

"Mimi niliua mmoja. Wewe ulimaliza kijiji."

Nilicheka, yeye hakucheka, lakini alishuka ngazi. Nikamweleza habari ya kitabu hapo hapo, haraka haraka, kama mtu anayeogopa gari litamwacha. Alinisikiliza huku anafuta vidole kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

"Nina siku tatu za kazi hapa," alisema. "Kila alasiri nitakuja kwa bibi yako. Siku ya tatu narudi Nyakatuntu, na siku hiyo nitakwambia kama nachora kitabu kizima au sichori. Usinishawishi. Nitaona mwenyewe."

Niliporudi Kituntu nikiwa nimekaa nyuma ya bodaboda, vumbi mdomoni, nilijua kwamba kitabu kilikuwa kisingizio. Nilitaka akae tena nami kwenye meza ya bibi, tuchore.

Siku ya kwanza tulifufua. Aliingia, akamwamkia bibi, "Shikamoo bibi," na bibi akaitika marahaba huku akimchunguza uso. "Wewe ndiye wa maharage," akasema. Kisha akamsogezea kikapu cha kahawa za kutafuna, zile zinazochumwa mbichi, zikachemshwa na kukaushwa na maganda yake, ambazo kwetu mgeni hupewa kabla hata hajaulizwa habari za atokako.

Binti Mgomba alikuwa tatizo. "Uling'oa shina," alinikumbusha, kana kwamba ningesahau. Akafikiri, akitafuna kahawa. "Lakini jembe lako halikuwa safi. Kipande cha mzizi kilinasa kwenye tope la jembe." Akachora jembe limeegemezwa ukutani, na kwenye tope lililokauka, kichipukizi chenye macho mawili yaliyofumba. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Ukungu yeye tulimuunganisha kwa kuvuta pumzi: ukungu haukatiki kwa panga, alikuwa amezimia tu miaka yote hiyo.

Bibi alikuwa anamenya ndizi pembeni. "Hao wamekufa zamani?"

"Zamani sana, bibi."

"Na matanga yalishaanuliwa?"

"Yalishaanuliwa."

"Basi vitu vyao viligawanywa. Nani atawarudishia?"

Rafiki yangu akainama, akachora ukurasa mzima wa Mnyauko aliyefufuka akimkimbiza mjomba wake katikati ya migomba, mjomba amevaa lile koti refu. Bibi alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. "Mawe!" akaita, yaani mama wee kwa lugha ya kwetu. "Mshike! Na viatu amevaa nani?"

Siku ya pili mashujaa walikutana. Nilikuwa nimeandika kwamba Ukungu alimpokea Binti Mgomba nyumbani kwake kwa heshima, kabla ya pambano lao kubwa. Rafiki yangu hachori kitu asichokiona. Alichukua kahawa moja kikapuni, akaipasua kwa meno, akaweka zile punje mbili mezani, zimelaliana kama pacha. Kisha akachora mkono wa Ukungu ukimpa Binti Mgomba punje moja, na ya pili ikibaki kwenye midomo yake mwenyewe. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote. Tuliiweka kwenye mwanga wa dirisha tukaitazama, na kwa mara ya kwanza bega lake liligusa langu.

Siku ya tatu tuliharibu kila kitu.

Pambano lilikuwa lichukue kurasa nane, na mwishoni mmoja angeshinda. Katika maandishi yangu alishinda Ukungu.

"Binti Mgomba ndiye anayeshinda," alisema.

"Alishashinda darasa la sita."

"Halafu wewe ukamng'oa."

"Nimemrudisha!"

"Nimemrudisha mimi. Wewe umeandika tu kwamba amerudi."

"Tuwaache watoke sare."

"Sare ni ya waoga. Darasa zima lingetuzomea."

Tulikuwa wanawake wawili wazima, mmoja ana rangi kwenye kucha, mwingine ana riwaya dukani, na tulikuwa tunapigania watu wa karatasi hadi makoo yanauma. Mwishowe akaanza kukusanya penseli moja moja na kuzifunga kwa mpira. Nilizijua zile dakika. Nilikuwa nimeziona mara moja, katika chumba hicho hicho, na nilitaka kusema neno lakini maneno yangu yote yalikuwa ya kumtetea Ukungu.

Bibi alinawa mikono, akaja, akazichukua kurasa. Herufi ndogo zinamsumbua macho, kwa hiyo husoma picha. Alizipitia moja baada ya nyingine, akafika kwenye ile ya kahawa, akabaki hapo. Akaenda mbele, akaona mapanga. Akarudi nyuma.

"Hawa wawili ndio wanaopigana?"

"Ndio, bibi."

"Hawawezi."

"Kwa nini hawawezi?"

"Si mmewalisha kahawa moja? Tunda moja, punje mbili, huyu moja na huyu moja." Alitutazama kama watu waliopika chai wakasahau maji. "Zamani walipaka na damu kidogo. Hiyo ni kuchanjiana udugu. Ukishaila na mtu humgusi, wala nyumba yake, wala ng'ombe wake, wala mtoto wake. Mgeni unampa kikapu achukue zake mwenyewe. Humpasulii moja mkagawana, labda kama umeamua awe ndugu yako."

Kahawa tulikuwa tumezitafuna tangu tukiwa wadogo. Tulijua ni heshima ya mgeni. La udugu tulilisikia utotoni, tukaliacha huko na mambo mengine ya wazee, na sasa tulikuwa tumelichora, kwa ufundi wote, bila kujua tumefanya nini.

"Tunaweza kuifuta hiyo picha," nilisema kwa unyonge.

"Jaribu," alisema rafiki yangu. "Nikukate vipande viwili."

Ndipo akacheka. Ni kicheko kilichoanza puani, kikateremka, kikamkalisha chini tena kwenye kiti. Akafungua mpira wa penseli. Zile kurasa nane za mapanga akazigeuza upande wa nyuma, na hapo akaanza upya: Kiangazi na Mnyauko wamejificha nje ya nyumba, wanasubiri shujaa mmoja afe na mwingine achoke, ili waingie. Wanasubiri. Ndani kimya. Mnyauko anachungulia dirishani na kuwakuta wawili wamekaa, wanatafuna.

"Aseme nini?" aliniuliza, penseli ikiwa juu ya puto tupu la maneno, kando ya mdomo wa Mnyauko.

"Aseme, 'Kwani hampigani?'"

Akaandika. Bibi akainama juu ya mabega yetu. "Sasa msije mkawapa na hao kahawa. Mtakosa maadui kabisa."

Tulifanya kazi mpaka muda wa gari la Kyerwa ukakaribia. Alipanga kurasa, akazifunga kwenye mfuko wa plastiki, akazibana kwapani. Nilishindwa kumuuliza. Alikuwa ameniambia nisimshawishi, na hata swali lingekuwa ushawishi.

Akakivuta kikapu. Akachagua kahawa moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaipasua kwa meno. Punje moja akaitia mdomoni. Ya pili akainyoosha mbele yangu juu ya kidole chenye rangi ya buluu.

"Kula," alisema. "Nataka kuwa na uhakika. Binti Mgomba hang'olewi tena."

Nikala. Ilikuwa chungu, kisha ikawa tamu kwa mbali.

"Na Ukungu wangu?"

"Ukungu nitamchora shingo ndefu. Niandikie sura ya pili, nitakuja kuichukua mwisho wa mwezi."

Bibi akamwombea safari njema, kisha akapaza sauti kutoka jikoni, "Na kuku! Angalia kuku!"

Kuku walikuwepo kweli, wanne, wamejipanga kizingitini wakisubiri. Aliwaswaga kwa mguu, akatoka huku bado anatafuna, na mlango akaufunga nyuma yake.