Fimbo ya Kuvulia kwa Bastola

Nje ya lango la kambi ya jeshi, Killeen, Texas, yuko muuza bunduki mwenye tumbo la kutangulia na mdomo usio na pazia. Askari akimletea bastola yake ya nyumbani amtunzie, humtania kwanza. Kisha ile mikono yenye mafuta hutulia juu ya meza, naye huuliza waziwazi, “Unafikiria kujiua?”

“Tangu mke aondoke, ndiyo, mzee,” Koplo Tolliver alimjibu majuzi. Bastola ikafungiwa kabatini, mshauri wa kambi akapigiwa simu palepale. Halafu muuza bunduki akamkabidhi koplo fimbo yake mwenyewe ya kuvulia samaki, anayoipenda kuliko mashemeji zake wote. “Hii ni rehani. Jumamosi uniletee ziwani mwenyewe. Ukimtuma mtu, sipokei.”

Jumamosi mzee alilitangulia hata jua kufika ziwani. Akamwaga kahawa, akatukana bata, kila gari likipita anasimama. Mara Tolliver huyo, anakuja kwa miguu upande wa pili wa maji, uzi wa fimbo umemzonga hadi magotini. Muuza bunduki alikatisha majini na viatu vyake akamkumbatia.

“Umeniharibia fimbo, mjinga wewe,” alisema, bila kumwachia. “Jumamosi ijayo utakuja tena, uutatue huu uzi.”