Julai ya Baridi Nyumbani kwa Koko

Jumamosi iliyopita nilikwenda Lewisville kumsaidia mama kuhama. Haendi mbali, anahamia jengo la pili tu katika apatimenti zilezile, ghorofa ya chini kwa sababu ya magoti. Lakini mama zetu unawajua wewe. Miaka yote aliyokaa pale hajatupa hata kopo la majarini. Nikatoa masufuria, nikatoa mablanketi, na nyuma kabisa ya kabati nikakuta koti la mtoto. Koti zito la sufu, la zambarau, lina kofia yake. Nje jua la Texas lilikuwa linachoma mpaka huwezi kushika mlango wa gari. Binti yangu akalivaa palepale, akajitazama kwenye kioo, akauliza ni la nani. Nikamwambia ni langu, nilipewa mwezi wa Julai. Akanicheka. Julai na koti wapi na wapi? Nikaanza kumweleza nikakwama. Mama alikuwa anafunga vikombe kwa magazeti, akasema bila kugeuka, "Hilo si la kugawa. Liwekeni."

Basi siku nzima sikuwa sawa. Mikono ilibeba maboksi, akili iko Shepparton.

Shepparton ni mji wa wakulima, ndani kabisa ya Australia, mbali na bahari. Wenyewe wanauita jiji. Nilikuwa na miaka kumi, natoka Fort Worth, na kwangu jiji lilikuwa barabara za ghorofa na dakika arobaini ndani ya gari kwenda kununua mkate. Kumbe kuna jiji ambalo mtoto anatoka nyumbani kwa miguu, anafika posta, anafika mtoni, anarudi, na chai haijapoa. Niliuliza siku ya kwanza jiji lenyewe linaanzia wapi. Mjomba akaniambia, "Umeshalipita."

Tulikwenda kumsalimia Koko. Ndivyo mama alivyosema, nami sikuwa na sababu ya kumtilia shaka. Koko ni mama yake mama. Sisi watu wa Kivu bibi tunamwita hivyo. Tulipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, Koko aliandikwa kwenye fomu moja na mjomba, mdogo wake mama, na sisi tukaandikwa kwenye fomu nyingine. Siku majina yalipotoka, fomu yao ikaenda Australia, yetu ikaja Amerika. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka basi la vumbi, na Koko amekaa chini kwenye vitenge vyake anakataa kupanda, na mama amechuchumaa anamnong'oneza sikioni. Alichomnong'oneza sikukisikia. Koko akasimama, akajifuta, akapanda.

Safari yenyewe ilinichanganya tangu mwanzo. Tuliondoka Dallas Jumatano jioni, tukatua Melbourne Ijumaa asubuhi. Alhamisi yangu ya wiki ile mpaka leo sijui nani aliichukua. Mjomba akatupokea, nikakimbilia mlango wa mbele nikae karibu naye, nikakuta usukani uko upande wangu. Akashika kushoto ya barabara, nami kila gari lililotujia mbele nilipiga kelele, nikajua leo tumekwisha. Mama akaniambia hata kule kambini magari yalipita kushoto, ni mimi nimesahau.  Niliona vibaya, maana nilikuwa najisifu shuleni kwamba naikumbuka Afrika yote.

Halafu miti. Tuliingia kwenye mashamba ya mapeasi, mistari na mistari, kila mti uchi, hakuna jani hata moja. Nikadhani yote imekufa. Nikamhurumia mjomba, nikamuuliza polepole watakula nini sasa. Na mjini nikakuta ng'ombe. Ukubwa wa ng'ombe kweli, lakini hawatikisiki, mmoja wa bluu mwili mzima, mwingine amechorwa maua, wamesimama kwenye nyasi kama wanasubiri mtu. Fort Worth nako tunao ng'ombe wa kuonyesha wageni, ila wale wanatembea na wananuka. Hata jua la mchana lilikaa upande usio wake. Mjomba akasema huku linakaa kaskazini. Nikamuuliza nani aliamua.

Nilipomsimulia hayo, Koko alicheka mpaka akashika ubavu. "Bado hujaona kitu, mke mwenzangu," akasema. Ndivyo alivyoniita, kama mabibi wanavyotania wajukuu wao wa kike. Na neno lake kwa kila jambo lilikuwa hilo, bado hujaona kitu.

Nyumba yake ilikuwa ya mbao, bati juu, na asubuhi ndege weusi wenye mabaka meupe walikuwa wanaimba kama mtu anayesukutua maji kooni. Koko alikuwa ameshaamka. Jikoni kuna chai ya maziwa yenye tangawizi, na mandazi aliyoyakaanga gizani. Gari la shamba lilikuja kumchukua yeye na kina mama wenzake wa kanisani, wanakwenda kupogoa mapeasi, kukata vijiti vyote vilivyozidi kabla miti haijaamka. Ndiyo, miti ilikuwa imelala tu, maana huko Julai ndiyo baridi. Saa tisa mchana alirudi na mzigo wa vijiti kichwani, anatembea katikati ya mji, wazungu wanapunguza mwendo wa magari wamtazame. Jiko la gesi alikuwa nalo, zuri. Lakini sombe, yale majani ya muhogo, alisema, gesi haiijui. Alipika uani, kwenye nusu ya pipa, kwa vijiti vya mpeasi. Kazi yangu ilikuwa kuvivunja na kuchochea. Ule moshi ulikuwa mtamu, rafiki yangu. Uliingia kwenye nywele na kwenye sweta, nami nikalala nikijinusa mikono.

Sasa sikiliza mambo yaliyonichanganya zaidi ya jua. Chumba changu kilikuwa na kitanda kipya na kabati tupu. Juu ya kitanda kuna koti lile la zambarau, viatu vya mpira, na sweta ya shule ya rangi ya kijani, na ndani ya kila kimoja Koko ameandika jina langu kwa kalamu. Nikafikiri Australia mgeni anaandikwa asipotee. Jumapili kanisani mama mchungaji akanisimamisha, akasema Mungu amempa mama yetu mtu wa kukaa naye, na watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Kwa nguvu kabisa! Mama alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani anaomba.

Wiki ya pili Koko akanipeleka shule moja karibu na mto. Mwalimu akanionyesha msumari wa kutundika mkoba na kiti karibu na dirisha. Nikakaa, nikatabasamu, nikaona hawa watu ni wakarimu sana, mgeni anaonyeshwa mpaka viti. Kisha mwalimu akainama, akaniuliza kwa upole kama nitamkumbuka mama akisharudi Amerika.

Nikainuka kwenye kile kiti. 

Mjomba ndiye aliyenieleza, jioni ile ndani ya gari lake, baada ya mimi kumng'ang'ania. Katika ukoo wetu, kifungua mimba wa binti wa kwanza, akishang'oa meno ya utoto, anapelekwa kwa bibi yake akae naye, awe mtu wake nyumbani. Mama mwenyewe alilelewa hivyo, alitolewa ana miaka saba. Na siku ile ya basi, Koko alipokataa kupanda, alichonong'onezwa ni hicho: panda mama, mtoto nitakuletea. Kwa ahadi hiyo Koko alikubali kwenda mwisho wa dunia. "Kwani mama yako hakukwambia?" mjomba akaniuliza. Tulipofika nikaruka kutoka garini nikamfuata mama jikoni, anamenya viazi, nikamuuliza ananiacha au haniachi. Akasema, "Nani amekwambia?" Nikasubiri aseme hapana. Akaendelea kumenya.

Usiku ule nilipekua mkoba wake. Tiketi za kurudi zilikuwa mbili, yangu na yake. Nikashusha pumzi. Kisha nikafungua sanduku langu nikaona amenifungia nguo zangu zote, hata gauni la Krismasi, hata zile za joto kali. Nani anakwenda kusalimia kwa wiki tatu na gauni la Krismasi?

Na ukweli mwingine niseme, maana wewe huwezi kunihukumu. Mimi mwenyewe sikujua nataka nini. Fort Worth nilikuwa narudi kutoka shule najifungulia mlango, naufunga kwa ndani, nawasha televisheni ili kuwe na sauti ya mtu, mpaka mama atoke ghalani anakopakia mizigo. Kwa Koko mtu alikuwepo. Kulikuwa na moto, na chai, na mtu wa kuniuliza leo umeona nini. Niliogopa kuachwa, na niliogopa kutokuachwa. Nilimtazama mama nikamchukia, nikamtazama tena nikataka kumshika nguo nisimwachie.

Kukabidhi mtoto kwetu kuna utaratibu wake. Mama anapika, mtoto anabeba chakula mwenyewe mpaka kwa bibi. Bibi akimega tonge la kwanza, imekwisha, mtoto ni wake. Jumamosi ya mwisho mama akapika bugali, ndio ugali wetu, na sombe na ndakala, visamaki vikavu vilivyotoka mbali. Mjomba akaja, mama mchungaji akaja na kitambaa chake kizuri. Nikabeba kwanza beseni na jagi. Koko alikuwa ametoka shambani mchana huo, hajatia kitu kinywani tangu chai ya alfajiri, mikono imepasuka kwa baridi. Akanawa taratibu, kila kidole. Nikaleta sinia, nikapiga magoti. Bugali lilikuwa linafuka moshi katikati yetu.

Akalitazama. Akanitazama mikono. Akamtazama mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko bado mkononi.

"Mimi nimeshiba," akasema. "Mpelekee mama yako."

Mama mchungaji akakohoa. Mjomba akasema, "Mama, tangu asubuhi hujala." Koko akasema ameshiba, watu wamsikie. Nikainuka na sinia, nikatembea hatua nne mpaka mlangoni, nazikumbuka zote nne. Mama akamega, akaweka mdomoni, akatafuna muda mrefu sana. Halafu watu wote wakaanza kuzungumza kwa pamoja habari za mvua.

Unajua mtoto wa miaka kumi alielewa nini? Alielewa amekataliwa. Mbele ya mama mchungaji! Nilikaa kitandani nikihesabu makosa yangu, kikombe nilichovunja, kelele za kwenye gari, Kiswahili changu cha kukwamakwama. Kesho yake sikumkumbatia. Nilivua koti nikaliacha makusudi, nikapanda gari nikatazama mbele. Koko akaja mbio na viatu vya mpira, akalipitisha dirishani. Akasema kitu, mjomba akawasha injini, sikusikia, na sikuomba arudie.

Koko hayupo tena. Miaka mitatu sasa, tulimzika kwa simu, kila mtu ameinamia kioo chake, picha inakwama kila mchungaji anapofungua mdomo. Ile nyumba wanakaa watu wengine. Mjomba amehamia Melbourne. Anasema yale mapeasi yaling'olewa yakachomwa marundo kwa marundo, na sasa pana nyumba mpya zenye gereji. Nilimuuliza moshi ulinukaje. Akaona swali la ajabu, akasema moshi ni moshi.

Jumamosi hiyo ya kuhama ndipo nilipomuuliza mama, tumekaa juu ya maboksi, mtoto amekwenda kuoga. Nilimuuliza Koko alinichukia nini. Mama akanitazama kama nimemzaba kofi. "Alikuchukia?" Akaniambia kwamba jioni ile, wakiosha vyombo, Koko alimwambia hivi: "Nilipokutoa wewe kwa mama yangu, niliendelea kukupikia. Kila jioni nakata tonge lako naliweka pembeni, kisha nawapa kuku. Sikumwambia mtu. Leo nimekuona mlangoni na ule mwiko, nikajua ukirudi Amerika utafanya hivyohivyo, na huko huna hata kuku."

Nikamuuliza mama yeye alikuwa ameamua nini, na zile tiketi mbili, na zile nguo zote. 

"Sijui," akasema. "Naapa, mpaka leo sijui."

 Nilikuwa nakumbuka simu za Jumapili. Tukitoka kanisani Fort Worth, saa tisa alasiri, jua kali, simu inalia. Kwa Koko ilikuwa Jumatatu alfajiri, amekaa jikoni anasubiri gari la shamba. Wanazungumza na mama, kisha ananiomba mimi. Miaka miwili mizima mama alikuwa ananinyooshea ile simu, nami natikisa kichwa, namwambia kwa midomo tu, sema nimelala. Mama anasema, "Amelala." Na Koko, aliyejua saa za kwetu kuliko sisi wenyewe, anajibu, "Haya. Msimwamshe."