Niliomba Radhi Nikidhani Nakufa, Kisha Nikapona

Asalaam aleikum ndugu zangu wa ukurasa huu. Admin, jina langu lifiche vizuri, kwa sababu mdogo wangu naye husoma hapa, na nikijulikana sitakuwa na pa kuweka uso wangu Likoni nzima.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, nashona madera hapa Mtongwe, nina mume na watoto wanne. Mwaka jana nilianza kuvimba tumbo. Majirani wakanipongeza eti nimepata mimba ya uzeeni, nikawa nacheka nao. Nilipokwenda hospitali daktari akanipapasa, wakakata kinyama cha kupima, akasema anashuku saratani na nisubiri majibu wiki tatu. Hilo neno "anashuku" sikulisikia kabisa. Nilisikia saratani, nikarudi nyumbani nimeshajizika mwenyewe.

Sisi huku mtu akihisi safari imekaribia huomba radhi. Basi nikaomba kwelikweli. Nilimwomba muuza samaki niliyemtukana kwa vibua vyake vilivyolala, nikamwomba mama mkwe, nikawaomba hata wateja niliowapunja vitambaa. Sanda nikanunua. Watu walilia, wakaja kunisomea Yasin, na wallahi kuna siku niliona raha, maana sijawahi kupendwa namna ile.

Aliyeniuguza ni mdogo wangu. Ana miaka arobaini na moja, aliolewa akaachwa, hana mtoto, anaishi peke yake Magongo. Alifunga chumba chake akahamia kwangu. Akiniogesha, akinichana nywele, akinilisha uji kwa kijiko. Kila akinigusa moyo ulinichoma, kwa sababu yeye ndiye niliyemkosea kuliko watu wote, na hakuwa akijua.

Alipokuwa na miaka ishirini aliposwa na mwalimu mmoja wa Utange. Walipendana sana. Mimi mkubwa wake nilikuwa na ishirini na sita na hakuna mtu aliyeniulizia. Kama kawaida yetu, upande wa mwanamume wakatuma wanawake wawili, mama yake na shangazi yake, waje kupeleleza tabia za binti. Niliwakaribisha mimi, nikawamiminia sharubati, nikawaambia kwa sauti ya huruma kwamba binti ni mzuri ila ana mashetani, humpanda akaanguka. Uongo mtupu. Ni wivu tu ulionituma. Walimaliza sharubati yao, wakaaga, hawakurudi tena. Mdogo wangu alilia miezi akijiuliza ana kasoro gani, na mbembelezaji wake alikuwa mimi.

Basi nikamwambia. Ilikuwa asubuhi, alikuwa akinifuta mgongo kwa kitambaa. Alikikamua kile kitambaa, akasema, "Nimekusamehe, dada. Duniani na akhera. Lala." Nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nianze kuumwa.

Wiki ileile majibu yakatoka. Si saratani. Ni uvimbe wa kawaida, wakautoa, nikapona. Nyumbani vilipigwa vigelegele. Mdogo wangu alingoja mpaka mshono ukauke, akakunja leso zake, akaja kusimama mbele yangu.

"Dada, mie nalikusamehe kwa kuwa wafa," akasema. "Sasa hufi. N'rudishie msamaha wangu."

Nilidhani ananitania. "Mdogo wangu, msamaha nao hurudishwa?"

"Basi kaa nao uone kama utakufaa."

Huu ni mwezi wa nane. Simu zangu hapokei. Nimekwenda Magongo mara tatu, huitikia salamu mlangoni, kisha hufunga. Nilitaka niende Utange nikaukanushe ule uongo, nikaambiwa wale wanawake wote wawili walishazikwa, na mwalimu ana mke na watoto wakubwa. Nimwambie nani? Nikamwendea ustadhi wa msikiti wetu. Akasema nikitubu Mungu atanisamehe lililo lake, lakini lililo la mdogo wangu analo mdogo wangu. Halafu akaniuliza, nilimwambia ili yeye apumue au nipumue mimi?

Zamani nikiogopa kifo niliogopa kaburi. Sasa naogopa kufika mbele ya Mola nikiulizwa juu ya yule mtoto wa mama yangu. Nikisujudu hulia mpaka nikasahau nimefika rakaa ya ngapi.

Wiki ijayo narudi hospitali kupimwa tena. Kila mtu ananiombea majibu mazuri. Mimi, Mungu anisamehe, jana baada ya alasiri nilijikuta nimenyanyua mikono naomba yawe mabaya, kwa sababu najua nikiwa nakufa mdogo wangu atakuja. Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Nyinyi ndio wa kwanza kusikia. Niambieni jamani, mtu kama mimi afanye nini?