Kamba ya Ndama

Alute alipokuwa kijana kule Mungaa, alikimbia mpaka mbuzi wakampisha. Njia ya ng'ombe kutoka tembe la baba yake kwenda lambo ilipita kati ya kuta mbili za minyaa, na hata vikope vilipoanza kumla macho, aliendelea kuipita mbio. Minyaa ilimrudishia mlio wa miguu yake, akajua yuko katikati. Jioni mkewe, Yustina, alimlaza kichwa pajani na kumng'oa kope zilizogeukia ndani. Zilirudi ngumu zaidi, zikakwaruza upya. Siku alipofikishwa hospitali, daktari alisema kovu limekwisha kuziba mboni.

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijiji cha Ujamaa. Nyumba zilipangwa kwa mstari kwenye mbuga nyeupe, hakuna ua hata mmoja. Mlio wa mguu ulikwenda na haukurudi. Yustina alichomeka vipande vya minyaa kando ya njia ya mlangoni, lakini minyaa haina haraka. Mwanamume aliyekuwa akiupita upepo sasa alishikwa mkono kwenda chooni.

Ilipotangazwa kwamba mshindi wa mbio za Saba Saba atakwenda kukimbia Singida mjini, Alute alisema atakimbia. Kwa majaribio walimfunga mkono kwa mkono na vijana wa kijiji, mmoja baada ya mwingine, kwa kamba ya kufungia ndama. Wote waliishiwa pumzi njiani. Alibaki Gasto, kaka yake Yustina. Enzi Alute akiona, Gasto alimaliza wa pili katika kila shindano, watu wakambatiza Mgongo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuutazama mgongo wa Alute.

"Shemeji, niazime macho," Alute alimwambia.

"Na mimi nitakimbia lini? Mwaka huu ndiyo nimepata nafasi."

"Nikae nyumbani ili ushinde?"

"Mara moja tu! Kuna ubaya gani?"

Yustina aliacha kutwanga uwele. "Kaka, ukishinda huyu akiwa amekaa, watauliza umemshinda nani."

Gasto aliguna, akacheka bila kupenda. "Haya, leteni hiyo kamba. Lakini mkiniita Mgongo tena, namwachia kwenye korongo."

Mwalimu Anselm, mwamuzi wa mbio, aliweka sharti moja: Gasto ni kiongozi tu, na kwenye utepe wa kumalizia lazima awe nyuma ya Alute.

Siku yenyewe walitoka pamoja na kundi. "Jiwe," alisema Gasto. "Mchanga. Kushoto." Alute aliweka mguu pale sauti ilipomwambia, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie alisikia upepo masikioni. Wakawapita watu.

"Mwalimu!" mtu alipiga kelele kando ya njia. "Hao ni wakimbiaji au ng'ombe wa plau?"

Watu wakacheka. Alute naye angecheka, kama pumzi ingetosha.

Ngoma za uwanjani zilikaribia, vigelegele vikapanda. Hapo Gasto akanyamaza. Kamba ikakaza, ikaanza kuvuta mbele. "Rudi nyuma!" Alute alisema. Hakujibiwa. Kuivuta kamba kungemwangusha, kuifungua hakukuwezekana. Alitoa kifua, akausubiri utepe. Akakimbia, akausubiri, mpaka mkono wa Gasto ukamsimamisha.

"Utepe uko wapi?"

"Tumeupita."

"Nani kaukata?"

Yustina ndiye aliyejibu, akiwa amefika mbio na kanga mkononi. "Kifua cha kaka."

Mwalimu Anselm alisema hana la kufanya: mmoja hakuwa mshindani, mwingine hakutangulia. Singida angekwenda Damiani, kijana aliyewafuata kwa mbali.

"Sikukusudia," Gasto alisema walipokuwa wakirudi, kamba ikiwa bado mikononi mwao. "Niliuona, shemeji. Tangu tuanze kukimbia sijawahi kuukuta utepe mzima."

"Na mimi leo sikuuona kabisa."

Nyumbani Yustina aliifungua kamba, Gasto akaondoka nayo.

Asubuhi yake Alute aliketi mlangoni. Aliinama, akapapasa minyaa ya Yustina. Ilimfika kwenye kifundo cha mguu. Akapiga makofi. Sauti ikaenda zake mbugani.

"Hodi." Ilikuwa sauti ya Gasto. "Nimekuja na kamba."

Alute aliwapitia moyoni wanaume wote wa kijiji, nyumba kwa nyumba, mstari kwa mstari, akitafuta miguu mingine. Kama angeipata, angemfukuza huyu. Jua lilimchoma usoni. Gasto alisimama palepale, hakuomba msamaha wala hakuondoka.

Mwishowe Alute akanyoosha mkono.

"Funga," alisema. "Lakini leo usininyamazie."