Hamira Niliyoiunguza

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja kule Kibomet, ukungu wa Kitale umetanda hata ua wa jirani hauonekani. Ilikuwa miaka ya themanini, na mimi nilikuwa na miezi mitatu tu kwenye ndoa. Shangazi aliyenilea Bungoma alikuwa anakuja kwa mara ya kwanza kuona ninavyoishi, nami nilikuwa nimejigamba kwa wakwe kwamba nitampikia mkate laini wa kuumuka.

Baridi ilinitia haraka. Nikamwaga maji yanayochemka juu ya hamira, nikakanda unga, nikafunika sufuria kwa blanketi. Jua likapanda taratibu ndani ya ukungu, kama taa iliyo mbali sana. Nilipofunua, donge lilikuwa limelala vilevile, zito kama udongo wa kufinyangia.

Nikamgeukia Nekesa, dada mdogo wa mume wangu. "Si ni wewe uliacha kopo la hamira wazi? Umeniharibia siku!"

Alitoka nje akilia.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakupaza sauti.

"Ulitumia maji gani?"

"Ya kuchemka, Mama. Nilitaka iumuke haraka."

"Basi umeiunguza. Hamira ni kitu iko hai. Sasa Nekesa amekosa wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Akatia maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, sukari kidogo, kisha hamira. "Ikitoa povu, iko sawa. Lakini kabla ya kukanda, enda umwite."

Nilimkuta kando ya mahindi. "Kosa ni langu, Nekesa. Nisamehe." Akajipangusa machozi, tukarudi. Povu lilikuwa limejaa bakuli, likipumua polepole, na jikoni kote kulinukia ule utamu mchachu ambao hata leo siwezi kuueleza. Tukakanda wawili. Shangazi alifika mkate haujaiva, akaketi nasi karibu na moto, naye akangoja. Alipouliza ni nani ameoka, nilimwambia, "Ni Nekesa na mimi."

Mwanangu, jambo likikuharibikia, kabla hujatafuta wa kulaumu, jiulize mikono yako ilifanya nini. Ukijua ni wewe, usione haya kwenda kusema, hata kwa aliye mdogo kwako. Mungu akulainishie moyo, na nyumba yako isikose watu wa kukusamehe.