Fundi Aliyefunga Jiwe Lililomuua Mdogo Wake

Jumanne, tarehe 12 Machi. Mvua ya usiku imekatika, yamebaki manyunyu. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na katika karakana ya mageti na bodi za malori, mwanamume wa miaka arobaini na minne amepiga goti kando ya kompresa, mashine inayosukuma upepo. Anafungua koki iliyo chini ya tangi. Maji ya rangi ya kutu yanatoka kwa kishindo.

"Siku za mvua tangi linajaa maji," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiyaacha, yanapita kwenye mpira mpaka ndani ya grainda, hii mashine ya kusagia chuma. Kutu ikiingia, mashine inashindwa kuuzuia mwendo wake. Inakimbia inavyotaka."

Wenzake wanamwita Matone. Lilianza kama utani, maana haungi mpira wa upepo kabla hajadondosha matone manne ya mafuta kwenye tundu la grainda.

"Kichwani hapaki mafuta, mashine yake inang'aa!" anapaza sauti mchomeleaji, mama mmoja wa makamo.

"Chomelea, shangazi. Mdomo ubaki ndani ya kofia."

Wanacheka. Matone anatabasamu kidogo, kisha uso unarudi ulivyokuwa.

Miaka miwili na miezi mitano iliyopita, humu humu, mdogo wake alipasukiwa na jiwe la kusagia. Alilazwa hospitalini siku tisa, akafariki. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mke, na binti wa miezi minne. Aliyelifunga jiwe lile ni Matone.

Grainda kubwa ya umeme hutumia jiwe lenye upana wa sahani. Likilika hadi kubaki kama kisosi, mashine kubwa hailitaki tena. Karakana hii haikuyatupa mawe hayo. Yalikusanywa kwenye ndoo, yakafungwa kwenye grainda ndogo za upepo.

"Tuliyaita mabaki," anasema. "Tundu lilikuwa lile lile, linaingia sawasawa. Kinga, kile kifuniko cha jiwe, ndiyo ilikuwa inakwaza, tukaitoa. Tulijiona wajanja."

Jiwe lile lilitengenezwa lisizidi mizunguko 6,600 kwa dakika. Grainda ya upepo aliyolifunga huzunguka mara 12,000.

"Mwendo umeandikwa katikati ya jiwe. Jiwe limelika, maandishi yapo. Kusoma najua. Sikusoma."

Mchana ule mkono wa Matone ulikufa ganzi. Mdogo wake akamwambia, "Kaka, pumzika, nimalizie hiyo kona." Matone akampa grainda. Hakuwa amepiga hata hatua kumi aliposikia mlio kama ubao unaovunjika.

Leo, kabla ya kubadilisha jiwe, Matone anafunga upepo, anachomoa mpira, kisha anabonyeza kitufe mpaka pumzi iliyobaki iishe. Analigonga jiwe jipya kwa mpini wa mbao, sikio karibu, asikie kama lina ufa. Anasoma mwendo wake kwa sauti, kama mtu anayesoma sala. Akishafunga kinga na kuunga tena mpira, anaizungusha grainda chini ya meza dakika nzima, na hakuna anayeruhusiwa kusimama mbele yake.

Ijumaa hii mtunza vifaa anastaafu. Mwenye karakana, wanayemwita Bosi, anataka Matone ashike nafasi hiyo ili kila jiwe na kila grainda vipite mikononi mwake. Amekataa mara tatu. Akikataa tena, kila fundi atajichukulia jiwe mwenyewe, kama zamani.

"Mikono hii?" anauliza, akiigeuza. "Mimi mwenyewe naiogopa."

Kuna jambo lingine. Mama yake anakaa naye nyumba moja. Humpakulia chakula, humuuliza kama amelala vizuri. Lakini tangu mazishi hajawahi kuitaja siku ile, wala kukanyaga karakana.

"Msamaha wa Mungu naomba kila siku," anasema Matone. "Wa mama sijui niuombee wapi."

Saa nne, mama huyo anaingia getini, kitambaa kichwani kimelowa. Bosi ndiye aliyempelekea habari kwamba mwanawe anaikataa kazi. Grainda zinanyamaza moja baada ya nyingine.

"Alisimama wapi?" anamuuliza mwanawe.

Matone anamwonyesha, kando ya meza ya chuma. Mama anakwenda kusimama pale pale. Anaigusa meza.

"Na jiwe, nani alilifunga?"

"Mimi, mama."

"Najua. Niliambiwa siku ile ile. Nilitaka nisikie kwako."

Matone anajifunika uso. Mchomeleaji anavua kofia yake na kugeukia ukuta.

"Mwanangu, nimemzika mmoja," mama anasema. "Hawa nao wana mama zao. Ichukue hiyo kazi."

"Naogopa, mama."

"Ichukue na woga wako. Wale wasioogopa ndio wanaonitisha. Sema sasa, wote wakikusikia."

Bosi anazima kompresa. Mafundi saba wanasogea. Matone anajifuta macho kwa mkono wa ovaroli na kusimama wima mbele ya mama yake.

"Mama, na ninyi nyote, naahidi. Kuanzia Jumamosi, hakuna jiwe litakalotoka kwangu kabla sijasoma mwendo wake na wa mashine. Kinga ikitolewa, kazi inasimama, hata kama mwenye haraka ni Bosi. Na siku nikichoka mpaka nikashindwa kusoma, nitasema nimechoka, nitafunga stoo, na hakuna atakayesaga. Mungu anisaidie."